Viwanja vitatu vya bei rahisi vya kupigia hema wikendi: tuchukue kipi?

SWALI

Mshauri, habari za kazi.

Mimi na mke wangu tuna watoto wawili, na tukipata nafasi Ijumaa jioni tunabeba hema na kutoka mjini. Kambi za kulipia zimetuchosha. Msimu mzuri zimejaa, muziki wa majirani unakesha, na ada inapanda kila mwaka. Tumeamua kutafuta kipande chetu wenyewe huko mashambani. Hatutaki kulima wala kujenga, ni kupiga hema tu na kuwasha moto jioni.

Dalali ametuonyesha vitatu. Cha kwanza ni ekari moja na nusu kando ya mto, tambarare, nyasi safi, na bei yake iko chini kuliko vyote. Tulipouliza njia, muuzaji akasema tutapita shambani kwa jirani, "hana neno, tumepita hapo miaka yote." Cha pili ni ekari mbili mlimani, mawe na vichaka vitupu, ila barabara ya umma inapita mbele yake. Cha tatu ni ekari moja, kirefu kama mkanda, upana mita 20. Kimekatwa kwenye shamba la familia na hati yake "inashughulikiwa."

Mke wangu amependa cha mtoni. Mimi moyo unasita lakini siwezi kueleza unasitia nini. Akiba yetu inatosha kimoja tu, na tukikosea hatuna cha kurekebishia. Tuangalie nini? Au tuachane na habari ya kununua?

Baba wa Hema

JAWABU

Ndugu Baba wa Hema,

Ardhi haiuzwi bei ya chini bila sababu. Ina kasoro, na waliotangulia wameshaiona. Ardhi isiyo na kasoro hamtaiweza kwa akiba yenu, kwa hiyo tafuteni ile ambayo kasoro yake inamkimbiza mkulima na mjenzi lakini haimgusi mtu wa hema. Mawe, udongo mwembamba, kukosa umeme, umbo la ajabu, eneo dogo lisilopata kibali cha nyumba: yote hayo yanashusha bei na nyinyi hayawapunguzii kitu. Kasoro zinazomuumiza kila mnunuzi ni tatu, nazo ni njia, mafuriko na hati. Bahati mbaya cha mtoni kina mbili kati ya hizo, na cha tatu kina iliyobaki.

Nianze na njia, maana ndiyo inayowaliza watu wengi, na dalali huipitia haraka haraka.

"Hana neno" ni ruhusa ya mdomo. Siku jirani akiuza, akifariki au mkikorofishana kwa sababu ya mbwa, ruhusa imekwisha, na nyinyi mna ekari moja na nusu msiyoweza kuifikia. Mnunuzi wa baadaye ataliona hilo kabla ya kuona nyasi, kwa hiyo hata kuiuza itakuwa kwa hasara. Katika nchi nyingi mahakama inaweza kumpa njia mwenye ardhi iliyozungukwa, lakini hiyo ni kesi, na kesi ina wakili na miaka yake. Kinachotakiwa ni haki ya njia iliyosajiliwa: imeandikwa kwenye masijala ya ardhi dhidi ya kiwanja cha jirani, inaifuata ardhi hata mwenyewe akibadilika, na inaonekana kwenye ramani.

Kwa hiyo msiendelee kumuuliza muuzaji. Nendeni kwa jirani mwenyewe, kabla ya kutoa hata arubuni. Mwombeni akubali kusajili njia yenye upana wa mita 4, na maandishi yaseme wazi kwamba ni ya magari na siyo ya miguu tu, ni ya mchana na usiku, nani anaitengeneza ikiharibika, na kama kuna geti nani anashika ufunguo. Gharama ya mpima na ya usajili ibebwe na muuzaji, iwe sharti la mauziano. Mara nyingi mtu ambaye "hana neno" akiletewa karatasi ya kusaini ndipo maneno yanapoanza. Hapo mmepata jibu bila kupoteza fedha.

Hata kiwanja kinachogusa barabara kihakikisheni kwenye ramani ya upimaji. Macho hudanganya. Barabara inayoonekana yaweza kuwa njia ya ndani ya shamba la mtu, au kati ya barabara na kiwanja pana ukanda wa mita moja ambao ni mali ya mwingine. Mita moja hiyo inatosha kuwafungia nje.

Sasa mto. Utambarare uliompendeza mama watoto umetengenezwa na mto wenyewe: ukifurika unamwaga tope, tope linasawazisha ardhi, nyasi zinanawiri. Swali la maana ni maji yanafika pale kila baada ya muda gani, na yanapanda kiasi gani. Tazameni vichaka vya ukingoni: majani makavu, plastiki na vijiti vilivyonasa kwenye matawi vinaonyesha kimo cha maji ya mwisho. Tafuteni mstari wa tope kwenye magome ya miti. Matete na ndago zikiota mbali na ukingo, pale panatuama maji. Kisha chimbeni shimo la sentimita 60. Udongo wa kijivu wenye mabaka ya rangi ya kutu ni udongo unaokaa ndani ya maji sehemu ya mwaka, hata kama siku mliyokwenda ni mkavu kabisa. Tabaka za mchanga na tope zilizopangana ni kumbukumbu ya mafuriko. Google Earth nayo ina picha za satelaiti za miaka ya nyuma. Tembezeni tarehe hadi miezi ya mvua muone.

Hili si suala la kulowana magodoro. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, sentimita 30 yanasukuma gari dogo, na sentimita 60 yanabeba magari mengi. Tena mvua inaweza kunyesha mbali huko juu, nyinyi mmelala chini ya nyota, na mto ukapanda usiku. Kama kiwanja hicho hakina sehemu iliyo juu waziwazi kuliko alama ya mafuriko, watoto hawalali pale. Ni mahali pa kushinda mchana.

Choo nacho kina masharti yake. Kipimo kinachotumika sana ni shimo liwe angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji, na sakafu yake iwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya chini ya ardhi. Kwenye uwanda wa mto maji ya chini yako karibu mno. Ongezeni kwamba sheria za nchi nyingi zinatenga ukanda wa kando ya mto usioruhusiwa ujenzi, na kwamba kumiliki ardhi inayopakana na mto hakukupi moja kwa moja ruhusa ya kuvuta maji yake. Ekari moja na nusu kwenye hati inaweza kuwa chini ya ekari moja ya kutumia.

Cha tatu nitakimaliza upesi. Hati "inashughulikiwa" maana yake leo hakuna kiwanja, kuna ahadi. Kwa shamba la familia mnahitaji kujua kama mirathi imefungwa, kama warithi wote wamekubali kwa saini, na kama mamlaka imeidhinisha mgawanyo wenyewe; sehemu nyingi zina ukubwa wa chini ambao shamba haliruhusiwi kukatwa zaidi ya hapo. Umbo lake pia ni baya kwa kazi yenu. Ekari ni mita za mraba 4,047. Ikiwa mraba, ni kama mita 64 kwa 64, na hema likikaa katikati linakuwa mita 32 kutoka kila mpaka. Kwa upana wa mita 20, mpaka uko mita 10 kila upande, na urefu wa mita 200 hausaidii lolote. Mmekimbia muziki wa majirani, mtaufuata huko. Wakiwarudia hati ikiwa imetoka yenye namba, mnaweza kuzungumza. Kabla ya hapo msitoe hata senti.

Kimebaki cha mlimani, ambacho naona dalali amewaonyesha kwa kujaliza idadi tu. Mimi ningeanza nacho.

Kinahitaji kuthibitisha mambo machache ya ardhini. Hema la watu wanne, pamoja na kamba zake, linataka eneo la mita 5 kwa 5 lenye mteremko usiozidi asilimia 2, yaani tofauti ya sentimita 10 kutoka upande hadi upande. Zaidi ya hapo mtaamka wote mmerundikana pembeni. Tafuteni maeneo mawili ya namna hiyo, na mahali pengine penye kipenyo cha mita 12 pa kugeuzia gari. Kupima ni rahisi: chukueni mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, mjaze maji bila kuacha mapovu, kila mmoja ashike ncha moja kwenye fimbo iliyosimama wima yenye alama za sentimita. Maji yatasimama usawa mmoja pande zote mbili, na tofauti ya kusomeka kwenye fimbo ndiyo tofauti ya ardhi. Kwa njia ya gari fanyeni hivyo hivyo kila mita 10. Kushuka mita 1 katika mita 10 ni asilimia 10, na gari la kawaida linapanda hapo ikiwa njia ina changarawe. Ikifika asilimia 15 na udongo umelowa, mtaliacha gari chini.

Kosa la kawaida la njia za mlimani ni kuzichora wima kutoka barabarani hadi juu kwa sababu ndiyo fupi. Mvua ya kwanza inaitumia kama mfereji, ya pili inaikata korongo. Ipitisheni kimshazari, na kila mita 25 hivi (kwa mteremko wa asilimia 10) wekeni tuta dogo la kukinga maji lililolala kwa mshazari, lenye mdomo wa kuyatoa kwenye nyasi za upande wa chini. Kama hamna fedha za njia mwaka wa kwanza, egesheni karibu na barabara na mpande kwa miguu. Hilo nalo lina faida yake: gari lisipofika juu, wageni wasioalikwa nao watasita.

Nendeni na chuma chenye urefu wa sentimita 30, mkijaribu kukipigilia sehemu mbalimbali. Kikigonga mwamba kwenye sentimita 10 kila mahali, vigingi havitashika, na mtahitaji hema linalosimama lenyewe na mawe ya kufungia kamba. Mahali penye udongo, lowesheni konzi moja na muusukume kati ya kidole gumba na cha shahada utoke kama utepe. Utepe ukipita sentimita 5 bila kukatika, huo ni mfinyanzi mzito: mvua ikinyesha maji yatasimama chini ya hema. Ukikatika mapema, maji yatapita vizuri. Msiweke hema shimoni, ambako baridi na maji hukusanyika, wala kileleni kwenye upepo, wala chini ya tawi kavu hata likionekana imara.

Maji ndiyo udhaifu halisi wa kiwanja hiki. Kwa lita 15 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupikia na kuoga kidogo, watu wanne kwa siku mbili wanahitaji lita 120. Hiyo ni madumu sita ya lita 20, na uzito wa kilo 120 ndani ya gari lililokwisha beba familia. Mkibana kuoga mtashuka hadi madumu matatu. Baadaye, ikiruhusiwa kuweka kibanda, paa la bati la mita 3 kwa 4 linapokea lita 12 kwa kila milimita moja ya mvua. Mvua ya milimita 20 ni lita 240, na ukitoa yanayomwagika na ya kusafisha bati zitabaki kama 190. Ya kunywa yachemsheni yatokote kwa dakika moja nzima, au dakika tatu mkiwa juu ya mita 2,000.

Choo cha shimo kwenye mwamba msikifikirie. Vishimo vya sentimita 15 hadi 20 vinamfaa mpita njia, lakini familia inayorudi palepale kila mwezi itajaza eneo lote. Tumieni ndoo yenye mfuniko na vumbi la mbao, na mjue mapema mnakwenda kuimwaga wapi kihalali.

Ya karatasi sasa. Upekuzi wa masijala fanyeni wenyewe au kupitia wakili wenu, msikubali nakala ya dalali, kwa kuwa yeye analipwa mauziano yakikamilika na halipwi yakivunjika. Jina lifanane na kitambulisho cha muuzaji. Tazameni rehani, zuio, amri ya mahakama, nguzo za umeme zenye ukanda wake. Rudieni upekuzi huo siku ya kulipa salio, maana rehani inaweza kuwekwa katikati. Mpima ayatafute mawe ya mpaka kabla hamjalipa, na bei ifuate eneo alilopima yeye, siyo lililotamkwa. Kisha ulizeni ofisi ya matumizi ya ardhi, kwa maandishi na kwa namba ya kiwanja: hema linaruhusiwa usiku mangapi kwa mwaka, moto wa wazi unaruhusiwa miezi ipi, na kibanda bila msingi kinahesabiwa jengo au la. Watu wengi hudhani ardhi ikiwa yako unalala juu yake upendavyo. Ardhi iliyopangwa kwa kilimo inaweza kukataa hilo, na jibu la mdomo la karani halitawatetea baadaye.

Umeuliza pia kama muache kununua. Swali zuri, na wauzaji hawalipendi. Chukueni kodi ya ardhi ya mwaka, usafi wa vichaka, mafuta ya gari na matengenezo ya njia, mgawanye kwa idadi ya usiku mtakaolala kweli, siyo mnaoota. Mkikuta ni zaidi ya ada ya kambi hata kabla ya kuhesabu bei ya kiwanja, kodini. Wakulima wengi wana pembe wasiyoitumia: ukingo wa msitu, sehemu ya mawe, kona iliyokatwa na barabara. Wapima ardhi na madaktari wa mifugo wanazijua pembe hizo na wamiliki wake kuliko dalali. Mkataba wa mwaka mmoja unatosha, ukitaja idadi ya mahema, mahali pa moto, gari linapokaa, geti, mifugo inayopita, muda wa notisi, na kipengele kinachowapa nyinyi nafasi ya kwanza ya kununua mwenyewe akitaka kuuza. Mkiamua kununua, akiba isiishie kwenye bei. Acheni angalau robo kwa ajili ya mpima, wakili, usajili na njia. Kama bei ya cha mlimani inakula zaidi ya robo tatu ya akiba, ombeni ipunguzwe au ondokeni.

Umbali pimeni kwa saa, tena saa za Ijumaa jioni, siyo Jumanne asubuhi alipowapeleka dalali. Ikizidi saa mbili, hema linaanza kusimikwa gizani na watoto wamenuna, na baada ya miezi michache mnatafuta sababu za kutokwenda.

Hatua ya kesho: mwambieni mwenye kiwanja cha mlimani mnataka kulala pale usiku mbili kabla ya kutia saini, ikiwezekana kipindi cha mvua. Sikilizeni Jumamosi usiku sauti zinatoka wapi. Mvua ikinyesha, tokeni na tochi muone maji yanapita wapi, mchome vijiti kwenye mikondo yake. Asubuhi tafuteni simu inashika kona ipi, na pimeni dakika hadi hospitali ya karibu kwa kuendesha wenyewe. Akikataa kuwaruhusu, muulizeni kwa upole ni nani mwingine analitumia eneo hilo usiku.